Kisa cha Kweli, Taharuki ya Kubuni

Asubuhi ya tarehe 10 Februari 1962, wanaume wawili walipishana kwenye Daraja la Glienicke, lililounganisha Berlin Magharibi na Potsdam. Aliyetoka upande wa Wamarekani alikuwa mzee mwembamba aliyejulikana kwa jina la Rudolf Abel, kanali wa KGB. Aliyetoka upande wa Warusi alikuwa Francis Gary Powers, rubani wa ndege ya kijasusi ya U-2 iliyotunguliwa katika anga ya Umoja wa Kisovieti. Hapakuwa na risasi wala mbio. Zaidi ya miaka 50 baadaye Steven Spielberg alipeleka kamera zake kwenye daraja hilohilo, na filamu iliyotoka mwaka 2015, Bridge of Spies, inawafanya watu wazuie pumzi kwa jambo ambalo mwisho wake wanaujua tangu wanapokaa kitini.

Nguvu hiyo inatoka wapi? Kwa sehemu inatoka kwa Mark Rylance, aliyemwigiza Abel akapata tuzo ya Oscar. Lakini kwa sehemu kubwa inatoka katika ahadi tunayopewa mapema, kwamba haya yalitokea. Ahadi hiyo hubadili namna tunavyotazama. Tunapomwona jasusi wa kubuni akipanda kizimbani tunangoja kuona atapona vipi. Tunapomwona jasusi aliyeishi kweli tunaanza kujifunza, na tunayojifunza tunatoka nayo ukumbini kama historia. Kwa watazamaji wengi, kumbukumbu ya Vita Baridi imejengwa na filamu kuliko ilivyojengwa na darasa.

Ndiyo maana swali la ukweli katika filamu za ujasusi haliishi. Namna ya kawaida ya kulijibu ni kuhesabu makosa: tarehe hii si yenyewe, mtu yule hakuwapo, maneno haya hayakusemwa. Naona hesabu hiyo inatupotosha. Miaka mitano haiingii katika saa mbili na nusu bila mtu kukata, kuunganisha na kubuni. Kipimo ninachokiamini ni kingine: yaliyokatwa na yaliyobuniwa yamemwondolea nani lawama, na yamemtwika nani? Kwa kipimo hicho tukio la kubuni linaweza kuwa halina madhara, na ukimya wa dakika moja ukawa dhuluma.

Tuanze na wakili James B. Donovan, anayeigizwa na Tom Hanks. Filamu, ambayo muswada wake uliandikwa na Matt Charman pamoja na ndugu Joel na Ethan Coen, inamleta kama wakili wa bima wa New York anayetupiwa kesi ya jasusi bila kuitafuta. Bima ilikuwa kazi yake kweli, na filamu inagusia kwamba alishiriki katika mashtaka ya Nuremberg. Lakini Donovan alikuwa pia mwanasheria mkuu wa OSS, shirika la ujasusi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili lililotangulia CIA. Hakuwa mgeni katika nyumba ile. Tena risasi zinazovunja madirisha ya nyumba yake katika filamu hazikupigwa. Alichopata ni barua na simu za vitisho. Vijana wanaompora koti mitaani Berlin Mashariki wamebuniwa, na hakushuhudia kutoka dirishani mwa treni watu wakiuawa wakijaribu kuruka Ukuta.

Sehemu kubwa ya hayo naisamehe. Watu waliuawa kweli kwenye Ukuta wa Berlin, wasiopungua 140 katika miaka 28, na kumweka Donovan dirishani ni kuusogeza ukweli mahali ambapo macho yetu yatauona. Hakuna aliyesingiziwa. Risasi za nyumbani zina utata zaidi, kwa kuwa zinawatwika raia wa Marekani ukatili ambao hawakuufanya. Hata hivyo chuki iliyomzunguka wakili yule ilikuwapo, na filamu imeiongezea sauti bila kuibadili.

Tatizo la Bridge of Spies liko kwa mtu ambaye hayumo kabisa. Filamu inafunguka kwa Abel akichora picha yake mwenyewe, kisha anatoka na kuokota sarafu iliyofichwa chini ya benchi, ndani yake mna ujumbe. Sarafu hizo zilikuwapo. Mwaka 1953 kijana mmoja muuza magazeti wa Brooklyn aliangusha sarafu ya senti tano, ikapasuka vipande viwili, na ndani mkaonekana kipande kidogo cha filamu chenye safu za tarakimu. FBI waliuhangaikia ujumbe ule kwa miaka minne bila kuufumbua. Mwezi Mei 1957 mtu mmoja aliingia ubalozi wa Marekani mjini Paris akasema yeye ni ofisa wa KGB. Jina lake lilikuwa Reino Häyhänen, msaidizi wa Abel huko New York, mlevi aliyekula fedha za kazi na aliyekuwa ameitwa arudi Moscow. Aliogopa, naye alikuwa na sababu. Ni yeye aliyewapa Wamarekani ufunguo wa tarakimu zile, na ikabainika kwamba ujumbe uliowasumbua miaka yote hiyo ulikuwa salamu za kumkaribisha yeye mwenyewe Marekani. Ni yeye pia aliyewaelekeza kwenye studio ya mchoraji wa Brooklyn. Tarehe 21 Juni 1957 Abel alikamatwa katika Hoteli Latham, Manhattan.

Kumwondoa Häyhänen kumebadili maana ya kisa kizima. Bila yeye, FBI wanaonekana wamemnasa Abel kwa umakini wao, ilhali aliletwa kwao na msaliti. Bila yeye, KGB inabaki na sura moja tu, ya Abel: mtulivu, mwaminifu, mwenye brashi mkononi. Ujasusi wa kweli unaendeshwa na watu wa aina zote mbili, na aghalabu kesi kubwa huvunjwa na yule dhaifu, mwenye deni na chupa. Filamu iliyojengwa juu ya heshima ya wanaume wawili haikuwa na nafasi ya mwanamume wa tatu asiye na heshima. Naelewa sababu za kisanaa. Lakini tumetoka na picha ya kazi hiyo iliyo safi kuliko kazi yenyewe.

Pengo la pili linaniuma zaidi. Filamu inasimulia jinsi Donovan, aliyetumwa Berlin kumkomboa Powers peke yake, anavyong'ang'ania aachiliwe pia Frederic Pryor, mwanafunzi wa uchumi wa Kimarekani aliyekamatwa Berlin Mashariki Agosti 1961. Namna Pryor anavyokamatwa imepambwa: katika filamu yuko ukutani akijaribu kumvusha mpenzi wake, lakini kwa kweli alikwenda kumtembelea mtu ambaye alikwishatoroka, na Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, walikuwa wakiichunga nyumba. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba Donovan alikuwa na jina la tatu kwenye orodha yake, Marvin Makinen, mwanafunzi mwingine wa Kimarekani aliyefungwa na Warusi kwa tuhuma za ujasusi. Wamarekani walipata wawili, na kuhusu wa tatu wakapewa ahadi. Makinen aliachiliwa Oktoba 1963, zaidi ya mwaka mmoja na nusu baada ya siku ile ya darajani. Yeye hayumo kwenye filamu. Katika meza ya mapatano ya majasusi karibu daima kuna mtu anayebaki, na hadithi ya wakili aliyekataa kumwacha mwenzake nyuma ilihitaji kunyamaza kuhusu aliyebaki.

Nikiyasema haya sitaki kuficha kwamba filamu hii inafanya jambo moja ambalo filamu chache za ujasusi zimethubutu kulifanya: inaifanya sheria iwe mahali pa taharuki. Abel alikamatwa kwa hati ya idara ya uhamiaji, si ya mahakama, na chumba chake kikapekuliwa kwa hati hiyo. Donovan alidai kwamba ushahidi uliopatikana hivyo ni haramu hata kama mshtakiwa ni adui. Jaji Mortimer Byers alikataa. Abel akahukumiwa miaka 30 badala ya kifo, baada ya Donovan kujenga hoja kwamba huenda siku moja Marekani ikahitaji mtu wa kubadilishana. Rufaa ilifika Mahakama ya Juu, ambako Abel alishindwa mwaka 1960 kwa kura tano dhidi ya nne. Siku 34 baada ya hukumu ile, tarehe 1 Mei, Powers alitunguliwa karibu na Sverdlovsk akitokea Peshawar, Pakistan. Serikali ya Rais Eisenhower ikasema ndege ilikuwa ya kupima hali ya hewa, mpaka kiongozi wa Kisovieti Khrushchev alipotangaza kwamba rubani yu hai na mkononi mwake. Hoja iliyosikika mahakamani kama ndoto ya wakili ikawa sera ya serikali. Filamu ingeweza kufuata ndege na makombora. Badala yake inatukalisha na mtu anayejadili hati ya upekuzi.

Upande wa pili nao ulikuwa na filamu yake, na habari hiyo husahaulika tunapozungumza kana kwamba Hollywood peke yake ndiyo hutunga kumbukumbu. Mwaka 1968 Savva Kulish alitengeneza katika Umoja wa Kisovieti filamu iitwayo Msimu Mfu, ambamo jasusi wa Kisovieti aliyekamatwa ugenini anarudishwa kwao kwa kubadilishana wafungwa. Kisa kilichota mengi kwa Konon Molody, aliyeishi London kwa jina la Gordon Lonsdale na aliyebadilishwa mwaka 1964 na mfanyabiashara Mwingereza Greville Wynne, ambaye naye ana filamu yake, The Courier. Aliyeonekana mwanzoni mwa Msimu Mfu akiwatambulishia watazamaji kisa hicho alikuwa Abel mwenyewe. Katika filamu ya Spielberg, Abel anaporudi anaingizwa kiti cha nyuma cha gari bila kukumbatiwa, nasi tunaachwa na hofu juu ya hatima yake. Kwa kweli aliheshimiwa, akawafundisha vijana wa kazi, akafa Moscow mwaka 1971. Jina lake halisi lilikuwa William Fisher, mzaliwa wa Newcastle, Uingereza. Filamu zote mbili zilimhitaji shujaa, na zote mbili zilimpata kwa mtu mmoja.

Tugeukie sasa Argo, iliyoongozwa na Ben Affleck mwaka 2012 ikatwaa Oscar ya filamu bora. Hapa kipimo changu kinatoa jibu kali zaidi. Wanadiplomasia sita wa Marekani waliponyoka ubalozi wao ulipovamiwa Tehran tarehe 4 Novemba 1979, wakafichwa na Wakanada kwa wiki nyingi, kisha Januari 1980 Tony Mendez wa CIA akawatoa wakijifanya watengenezaji wa filamu. Mbio za magari ya askari yakiifukuza ndege uwanjani hazikutokea. Ndege ilichelewa kwa hitilafu, wakaondoka. Mbio hizo hazinikeri. Kinachokera ni kwamba Kanada imepunguzwa. Balozi Ken Taylor anaonekana kama mwenye nyumba mkarimu, na John Sheardown, ofisa wa ubalozi aliyewahifadhi baadhi yao nyumbani kwake, hayumo. Rais wa zamani Jimmy Carter alisema hadharani kwamba asilimia 90 ya kazi ile ilikuwa ya Wakanada. Baya zaidi, filamu inadokeza kwamba Waingereza na watu wa New Zealand waliwafungia milango wakimbizi wale, ilhali waliwasaidia, na mwaka 2013 bunge la New Zealand lilipitisha azimio la kusikitika kuhusu jambo hilo. Sentensi moja katika mazungumzo imeharibu jina la watu waliohatarisha maisha yao. Mbio za uwanja wa ndege hazikumharibia mtu yeyote jina.

Hata hivyo Argo inastahili sifa kwa dakika zake za mwanzo, kwa kuwa haianzi mwaka 1979. Inaanza na mapinduzi ya mwaka 1953 yaliyoendeshwa kwa mkono wa CIA na Uingereza dhidi ya Waziri Mkuu Mohammad Mosaddegh. Mahali filamu inapoanzisha saa yake ni uamuzi wa kisiasa. Zero Dark Thirty, iliyotoka mwaka huohuo wa 2012 kuhusu msako wa Osama bin Laden, inafunguliwa na sauti za simu za tarehe 11 Septemba 2001. Kwa mtu wa Nairobi au Dar es Salaam saa ile ilikwishaanza kugonga tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuka kwenye balozi mbili za Marekani na kuua watu 224, wengi wao Waafrika waliokuwa wakienda zao kazini. Filamu hiyo ilishutumiwa vikali na maseneta wa Marekani, akiwemo John McCain, kwa kuonyesha kana kwamba mateso ndiyo yaliyofungua njia ya kumpata bin Laden. Mwanzo wake nao ulistahili kujadiliwa kwa uzito uleule.

Katika Munich (2005), Spielberg huyohuyo anafuatilia kikosi cha Israel kilichotumwa kuwaua wale walioshukiwa kupanga mauaji ya wanamichezo 11 wa Israel katika Olimpiki ya 1972. Ni filamu yenye ujasiri. Inaonyesha kisasi kinavyomla anayekilipa, na ilimletea mwongozaji lawama kutoka pande zote mbili. Lakini imeacha nje Lillehammer. Julai 1973, katika mji huo mdogo wa Norway, makachero wa Israel walimpiga risasi Ahmed Bouchiki, mhudumu wa hoteli mwenye asili ya Moroko, wakidhani ni Ali Hassan Salameh, mmoja wa waliokuwa wakisakwa. Alikuwa akitembea na mkewe mjamzito. Watano kati ya wahusika walihukumiwa Norway. Mashaka ya wauaji katika filamu ni mashaka ya roho: je, kuua ni haki? Lillehammer ingeyafanya kuwa mashaka ya ushahidi: je, tumemuua nani? Swali la pili ni la kutisha zaidi, na historia ilikwisha kulijibu.

Filamu inayonifikirisha zaidi ya zote hizo ilitengenezwa na Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti aliyekulia Kongo. Lumumba, ya mwaka 2000, inaanza na Wabelgiji wakifukua na kukatakata miili usiku ili isipatikane tena. Hivyo ndivyo alivyofanyiwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Peck hakupata bajeti ya Spielberg, wala hakuruhusiwa na hali ya Kongo kupiga picha zake huko. Alikwenda Zimbabwe na Msumbiji. Alichofanya ni kuyataja majina. Katika onyesho moja la kikao kinachoamua hatima ya Lumumba, Mmarekani aliyemo anaitwa Carlucci. Frank Carlucci, aliyekuwa ofisa kijana wa ubalozi wa Marekani Léopoldville miaka ile, alikana katakata kuhusika na njama yoyote, na mawakili wake waliingilia kati. Filamu iliporushwa na HBO nchini Marekani mwaka 2002, jina hilo lilizimwa sauti.

Na mtu huyu sisi wa Afrika Mashariki tunamjua kwa njia nyingine. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, Carlucci alitumwa kuwa konsuli wa Marekani huko. Alijifunza Kiswahili. Serikali ya Rais Karume ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, na wataalamu wake walikuwa wameanza kumiminika: wahandisi wa majengo ya ghorofa ya Kikwajuni, walimu, madaktari, na watu wa Stasi waliosaidia kujenga idara ya usalama. Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Ujerumani Mashariki, alifika Zanzibar mwenyewe. Idara ileile iliyomkamata Frederic Pryor kule Berlin ilikuwa sasa Unguja, na ofisa aliyetoka Kongo alikuwa akiishi mji mmoja nayo.

Januari 1965 simu ilipigwa kati ya Carlucci na Robert Gordon wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Walikuwa wakijadili namna ya kuishawishi Washington itume salamu za heshima kwa mwaka wa kwanza wa Mapinduzi, wakatumia lugha ya silaha kwa maana ya hoja. Simu ilikuwa ikisikilizwa, na waliosikiliza walielewa silaha. Rais Nyerere aliwafukuza wote wawili, Washington nayo ikamfukuza mwanadiplomasia wa Tanzania. Ni rahisi leo kuiita hofu hiyo kichekesho. Haikuwa hivyo. Miezi michache kabla, Dar es Salaam ilitikiswa na nyaraka za njama alizozitangaza Waziri wa Mambo ya Nje Oscar Kambona, ambazo baadaye zilibainika kuwa za kughushi. Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, Kongo, kutoka ndege za Marekani. Kifo cha Lumumba kilikuwa kibichi. Mtu aliyeishi Dar es Salaam mwaka ule alikuwa na kila sababu ya kuamini mabaya.

Kisa hiki kina kila kinachohitajika kwa filamu kubwa ya ujasusi: wahusika wenye akili, pande zote zikiogopana kwa sababu halali, na simu moja iliyosikika vibaya. Mtu akijaribiwa kukiongezea mlio wa bunduki, atakuwa amekiharibu. Akimfanya Carlucci muuaji bila ushahidi, au akimfanya Nyerere mtu aliyedanganywa kirahisi na washauri, atakuwa amerudia kosa la Argo. Na vifaa vya kazi vipo. Majalada ya Stasi yalifunguliwa kwa umma mwaka 1992, na telegramu za ubalozi wa Marekani za miaka ile zimechapishwa. Upande unaopungua ni wa Zanzibar na Dar es Salaam: makarani, waendesha mitambo ya simu, madereva na maofisa vijana wa mwaka 1964, ambao leo ni wazee wa miaka 80 na zaidi. Hao ndio wa kwanza kuhojiwa, kabla mtu hajaandika ukurasa wa kwanza wa muswada.